Mkoromaji wa Kibokoni

Kwa miaka mingi Raihana wa Kibokoni aliamka na kichwa kizito, akimlaumu mumewe Hussam kwa kukoroma. Asubuhi moja binti yao Mahira aliwasikizisha sauti aliyoirekodi kwa simu: mkoromo, kimya kirefu, kisha mtu akishtuka kutafuta pumzi.

"Msikie babako!" Raihana akasema.

"Mama, hii ni ya juzi. Baba alikuwa Lamu."

Raihana alicheka hadi machozi yakamtoka. Daktari alimweleza kuwa pumzi humkatika usingizini, ingawa si sana, na akamkataza kulala chali. Basi akajishonea mpira mdogo wa kuchezea mgongoni mwa gauni la kulalia, umchome kila akigeuka chali. Wiki ya pili aliamka mwepesi kama unyoya, akacheza chakacha jikoni mpaka mahamri yakaungua.