Wateja wa Amondi

Kitendawili: nimemlea tangu akiwa mchanga, leo najifanya simjui. Jibu ni mjukuu wangu Amondi, na aibu ni yangu.

Amondi ana miaka ishirini. Akili yake huchukua muda kushika jambo, lakini ikishashika haiachii. Kwenye shule yake ya mahitaji maalum walimfunza kuhudumia watu mezani, na alipomaliza, Wacera mwenye hoteli kule Gatina akakubali kumjaribu siku moja.

"Nikiona wateja wanamkimbia, basi," alisema.

Hilo neno lilininyima usingizi. Nikaita kikao kwetu mtaa wa Raila, tukapatana: wateja tutawaleta sisi. Mjombake Lazarus, shangazi yake Akoth na nusu ya kwaya ya kanisa wataingia mmoja mmoja, waagize chai, wasifu huduma.

Asubuhi nikamwambia Amondi, "Leo hatujuani, sawa?"

"Sawa, Dani." Ndivyo anavyoniita mimi nyanyake.

Kufikia saa nne hoteli ilikuwa imejaa. Lazarus alivaa miwani ya jua kama mlinzi wa waziri. Akoth akapaza sauti, "Jameni, huyu msichana anahudumia vizuri!" Na kikombe hata hakijaletwa.

Wacera alitoka jikoni akitabasamu. "Leo kuna nini? Sijawahi kujaza hivi!"

Sasa, shuleni Amondi alifunzwa kumsalimia kila mteja, na kama anamjua, amtaje jina. Akafika kwa Lazarus.

"Karibu, Anko Lazarus. Toa miwani, utamwaga chai."

Lazarus akakohoa. "Dada, umenifananisha."

"Sijakufananisha. Jana ulilala kwetu, ukakoroma."

Akazunguka meza zote. Karibu shangazi Akoth. Karibu mama wa kupiga kayamba. Mimi nikazama ndani ya kofia yangu.

"Karibu, Dani. Ulisema hatujuani, lakini mwalimu alisema tusalimie."

Wacera akashika kiuno. "Kumbe huu ni ukoo! Na mimi nimeshaagiza unga mwingine!"

"Wacera mwanangu, tulitaka tu kumsaidia..."

"Shosho, mmenijazia viti! Watu wa mjengo wako hapo nje wamekosa pa kukaa. Tokeni, wote!"

Tukameza chai ikiwa moto, tukatoka kwa laini kama watoto wa nasari. Nilisimama kwa muuza sukuma wiki ng'ambo ya barabara, nikajifanya nachagua mboga, macho na masikio yakiwa mlangoni kwa Wacera.

Wajenzi tisa waliingia kwa kishindo. "Madondo hapa! Chapo mbili! Leta supu!" Amondi wangu hawezi kelele.

Akainua mkono. "Mmoja mmoja. Na salamu kwanza."

Jitu moja lenye simiti kwenye nywele likasema polepole, "Niaje, madam."

"Poa. Unaitwa nani?"

"Muia."

"Karibu, Muia. Unakula nini?"

Akaandika kwa utaratibu wake. Mmoja nyuma akanung'unika, "Huyu anachelewa."

Muia akageuka. "Wewe tulia, hujasalimiwa bado."

Walikula wote, na hakuna aliyekimbia.

Jioni Wacera akavuka barabara, akanikuta bado nimeshika ile sukuma, imenyauka.

"Shosho, kesho saa moja."

"Asante, mwanangu! Nitamleta saa moja kasoro."

"Sijasema umlete. Nimesema aje."