Mvinyo Uliorudi Chupani

Jumanne, saa saba kasoro robo mchana, Bonaria Manca alikata vipande kumi na viwili vya bottarga, akavipanga juu ya mkate uliopakwa mafuta ya zeituni, akavipeleka meza ya dirishani walikokaa mume na mke kutoka Milano. Akawamiminia vernaccia. Mvinyo ulikaa glasini kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha ukainuka, ukapanda hewani kama uzi mnene wa rangi ya asali, ukaingia kwenye mdomo wa chupa aliyoishika. Glasi zikabaki kavu.

"Umerudi," alisema yule mume.

"Nimeona," alisema Bonaria. "Nitawaletea bia."

Ilikuwa mara ya tisa tangu Jumapili, na ilikuwa imemfika shingoni. Mgahawa wake una meza saba tu, pale mjini Cabras, kisiwani, hatua chache kutoka ziwa la chumvi, na mvinyo huo ulikuwa wa marehemu baba yake. Mzee Boricu alimwachia mapipa kumi na moja, ambayo hayajazwi mpaka juu, ili mvinyo ufanye utando wake na kukomaa chini yake bila haraka. Kwa Bachisio, ndugu yake Bonaria, aliacha chumba cha kukaushia bottarga, yaani vifuko vizima vya mayai ya mkizi vilivyotiwa chumvi, vikabanwa, vikaning'inizwa mpaka vikawa vigumu. Aliwaambia wote wawili kwamba vitu hivyo vimezaliwa mtaa mmoja, visitenganishwe. Sasa kulikuwa na kamati inayozunguka kisiwa kizima ikiandika kitabu cha mvinyo na vyakula vya asili, na Bonaria alikuwa ameingoja miaka sita. Alichotaka ni mstari mmoja tu: vernaccia ya Boricu Manca, pamoja na bottarga ya Cabras. Jina la baba yake lichapishwe, basi. Kamati ilikuwa ifike baada ya wiki mbili.

Kwanza alilaumu glasi, akaziosha kwa siki. Akalaumu mafuta, akabadilisha. Akalaumu mwezi, kwa kuwa baba yake hakukubali mvinyo uguswe mwezi ukiwa mchanga. Akaujaribu mvinyo na mkizi aliyechemshwa kwa chumvi na kufungwa kwa nyasi za ziwani, ukatulia. Akaujaribu na biskuti za lozi, ukatulia. Akauweka karibu na bottarga iliyotoka kwa Bachisio wiki hiyo, huyo, ukarudi chupani.

"Kata ile ya zamani," alisema mzee Antioco, aliyesuka nyavu miaka arobaini na ambaye hula mchana kwenye meza ileile kila siku.

Kabatini kulikuwa na kipande cha mwisho kilichokaushwa na Boricu mwenyewe. Bonaria alikikata, akamimina. Mvinyo haukutikisika. Antioco aliunywa, akala kipande chote mpaka makombo, akaomba glasi nyingine.

"Basi mvinyo hauna kosa," alisema.

"Ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, Cabras nzima inajua. Mikizi wa ziwani siku hizi unawahesabu kwa vidole, na nduguyo anauza bottarga mpaka Japani. Ulidhani wanazaliana kwenye friji?"

Hakuwa amedhani chochote. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba yeye mwenye meza amekuwa wa mwisho kuambiwa, na aliyemwambia ni chupa.

Alivua aproni akaenda kwa Bachisio. Ndugu yake hakujificha. Maboksi ya mayai ya mkizi yaliyogandishwa yalikuwa yamepangwa ukutani, yameandikwa majina ya bandari za ng'ambo ya bahari.

"Chumvi ya hapa, upepo wa hapa, mikono ya hapa," alisema Bachisio. "Kimebaki nini?"

"Samaki."

"Dada, samaki hana pasipoti."

"Basi andika kwenye kifuko kwamba mayai yametoka mbali."

"Halafu anunue nani? Nina watu kumi na wanne humu, wawili ni wanao. Nikingoja mikizi wa ziwani, wataning'iniza nini, soksi?" Akafuta mikono. "Na huo mvinyo wako una kiburi cha baba. Naye alikuwa akiinuka mezani bila kuaga."

Hilo lilikuwa kweli, na Bonaria alirudi nyumbani amekasirika kwa sababu lilikuwa kweli.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, kamati ilikuja, watu watatu na fomu zao. Walikuwa wameshaandika mvinyo mwekundu wa cannonau na nyama ya kondoo, na ule wa carignano na jodari, na hakuna kilichowasumbua huko. Bonaria aliwaandalia mkizi wa nyasi. Wakamshukuru, wakasema fomu imeandikwa bottarga, naye akaileta, akamimina mvinyo. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Ornella Frau, mwanamke mwenye miwani ya kamba. Alitazama mvinyo ukipanda na kuingia chupani, na mwenzake akatazama saa.

"Sekunde nne."

Wakarudia. Sekunde tano.

"Pole, mama," alisema Bi Ornella. "Haviendani."

"Vinaendana tangu enzi za babu wa babu yangu. Mayai hayo si ya hapa. Muulizeni ndugu yangu mwenyewe, huyo hapo mlangoni."

Bachisio alitazama viatu vyake.

"Bottarga ina cheti. Mvinyo wako una cheti?" aliuliza Bi Ornella.

"Mvinyo wangu una akili."

Bi Ornella aliipitia fomu kwa uangalifu, mbele na nyuma. "Hakuna pa kuandika akili," alisema.

Kitabu kilitoka Oktoba. Bottarga ya Bachisio Manca ilipewa ukurasa mzima na picha, ikaoanishwa na mvinyo mweupe wa kiwandani ambao kamati iliusifu kwa utulivu wake. Jina la Boricu Manca lilichapishwa pia, mwishoni kabisa, kwenye orodha ya mvinyo usiofaa kwa vyakula vya kienyeji. Bonaria aliusoma mstari ule akiwa amesimama, kisha akakaa jikoni akalia kwa hasira, huku sufuria ikiungua na yeye akiisikia.

Jumapili iliyofuata Bachisio alikuja mgahawani na kifuko kizima cha bottarga, zawadi. Cabras hakuna anayepiga hodi akakosa vernaccia, hata kama mmegombana. Kumnyima ni sawa na kumzika. Bonaria akakikata kile kifuko, akamimina. Kabla mvinyo haujainuka, Bachisio aliifunika glasi kwa kiganja.

"Wote wanafanya hivi siku hizi," alisema. "Ukibana vizuri haina shida."

Kweli, kwenye meza nyingine wateja walikuwa wakila kwa mkono mmoja, mwingine umelala juu ya glasi. Wana wawili wa Bonaria, wamevaa makoti ya kazini kwa mjomba wao, walikula hivyohivyo, bila kumtazama.

Lakini Bachisio alitaka kumega mkate, na mkate unataka mikono miwili.

"Nishikie, dada."

Bonaria aliweka kiganja chake juu ya glasi. Mvinyo ulimgonga kwa chini, baridi, bila haraka, ukagonga tena.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka nishibe." Bachisio alipanga vipande juu ya mkate, akaanza kutafuna taratibu.

"Shiba upesi basi," alisema Bonaria, akakandamiza zaidi.