Mchango wa Zana za Msabaha

Gari la mume wangu lilivunjwa Ijumaa adhuhuri, hapa hapa Edmonton, huku ughaibuni, hatua chache kutoka mlangoni kwetu, naye yuko msikitini. Wezi waliukunja mlango wa nyuma, wakabeba zana zote za useremala alizozikusanya kwa miaka kumi na minane. Polisi hata hawakuja. Walitupa namba ya kesi kwenye simu, kana kwamba namba inapiga randa, na mume wangu Msabaha akaiandika kwa mwandiko wake mzuri.

Jumatatu alitakiwa aanze kujenga ngazi kwenye nyumba moja Tottenham. Mkandarasi alishamwambia kuwa asipofika na zana zake, atamwita mwengine. Kazi hiyo tuliingoja tangu mwaka jana.

Basi wakaja watu kutupa pole. Jamani, watu wetu wanajua kutoa pole! Walijaa sebuleni kama msibani, wakanywa chai, wakamaliza maandazi yangu, na kila mmoja akamweleza Msabaha kufuli gani angelinunua. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Firoz, alikuja kavaa suti. Huyu hata akitaka kuzima taa, huhutubia kwanza.

"Mwanangu Haifa," akaniambia, "msiwe na wasiwasi. Jumuiya haimtupi mtu wake."

Jumapili mchana tukaitwa ukumbini. Firoz alishapitisha mchango, na asubuhi ile alikwenda mwenyewe kununua zana. Palikuwa na biriani, simu za kupiga picha, na hotuba ndefu juu ya wahanga wa wizi, utadhani mume wangu karudi vitani. Kisha kitambaa kilichofunika meza kikaondolewa.

Nikauona msumeno. Mpini wake ulikuwa umefungwa kipande cha khanga yangu, nilichokifunga mimi mwenyewe, maana ulikuwa ukimchubua kiganja. Pembeni yake randa, patasi, drili. Zote zake. Watu wazima, wenye akili zao, walichanga wakampelekea mwizi, kisha wakajipigia makofi.

"Mzee Firoz, hivi umezinunua wapi?" nikauliza.

"Kuna bwana mmoja pale soko la Jumapili, bei yake nzuri sana," akajibu kwa fahari. "Sote tunanunua kwake."

"Hizi ni zana za Msabaha, mzee. Umetununulia mali yetu wenyewe."

Mafundi wa safu ya mbele wakaanza kutazama viatu vyao. Aliyesimama ni Gires peke yake, fundi bomba Mkongo anayefanya kazi na mume wangu mara kwa mara.

"Mama Suad, tuite polisi sasa hivi," akasema. "Ule mutu angali kule ku soko."

"Polisi wakija watazichukua zana ziwe ushahidi," Firoz akadakia. "Zitakaa huko miezi! Na jumuiya itasemwa."

Msabaha alinitazama. Mimi, ambaye ulimi wangu jamaa zake wote wanaulalamikia, niliutazama ule msumeno nikaiwaza Jumatatu.

"Chukua, Baba Suad," nikamwambia.

Akachukua, akawashukuru mmoja mmoja kwa mkono. Gires alikaa chini, sahani yake ya biriani hakuigusa.

Ngazi zinakwenda vizuri, mkandarasi anamsifu. Alhamisi gari la Gires lilivunjwa mbele ya nyumba yake, Peckham, haikubaki hata spana moja. Mzee Firoz akanipigia simu siku ile ile: tumchangie ndugu yetu, naye Jumapili atakwenda kwa yule yule bwana wa sokoni, huenda akazikuta. Nilimdharau Firoz, nikajidharau mimi zaidi, na mchango wangu nikautuma.