Miche ya Nyuma ya Bafu

Tokuzo alipoanguka uani mwezi wa tano, siku tatu tu baada ya kusia mbegu za maua yake ya asubuhi, mkewe Hisae aliapa kwamba mwaka huu maua yatachanua, liwalo na liwe. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza mzee upande wa kulia na kuufanya ulimi wake mzito. Ndani ya gari la wagonjwa lilimtoka neno moja, nalo halikuwa jina la mkewe. "Maua," alisema. Hisae hakuona wivu. Baada ya miaka arobaini na mmoja ya ndoa, wivu wa nini tena?

Haya hayakuwa maua ya asubuhi ya kila mtu, yale yanayotambaa kwenye uzio wa shule. Ua la Tokuzo lilikuwa la buluu iliyokolea, petali zimechanika nyuzinyuzi, na ndani yake petali nyingine zikisukumana kutoka. Babu yake ndiye aliyeuanzisha ukoo huo. Chama cha wakuzaji wa mji wa Kurume kilikuwa na sharti lake: mbegu haitoki nje ya nyumba, na siri ya ukuzaji anaambiwa mrithi peke yake. Mrithi hawakujaliwa. Mke kazi yake ilikuwa kubeba maji.

Basi Hisae akabeba maji, huku akiiba ujuzi kwa macho. Aliona kwamba mche ukiwa bado na majani mawili tu, Tokuzo anajua kama utatoa ua la ajabu, kwa sababu majani hayo hujikunja. Aliona pia kwamba miche iliyonyooka huificha nyuma ya bafu, mahali ambapo mgeni hapiti. Akadhani ni ubahili. Mwanamume huyu alikuwa hajatupa hata viatu vya marehemu baba yake, sembuse mche ulio hai.

Mwaka huu miche ilitoka sitini. Kumi na minne ilijikunja, akaipa vyungu vizuri na mbolea ya kutosha. Iliyobaki aliing'oa yote asubuhi moja, akaitupa kwenye takataka za kuchomwa, akanawa mikono akijiona fundi.

Mwezi wa nane, saa kumi na moja alfajiri, maua yakafunguka. Mzee Moriwaki, rafiki wa Tokuzo na mkuzaji mwenzake, alikuja kabla jua halijayanyausha. Alipiga magoti mbele ya vyungu, kiganja mdomoni asiyapumulie.

"Shemeji, kumbe wewe ndiye ulikuwa unayakuza miaka yote, yule mzee anajisifia tu! Akiliona hili atatoka hospitali mbio."

"Mbio kwa mguu upi?" Hisae akasema, wakacheka wote wawili.

"Haya, sasa nionyeshe wazazi."

"Wazazi gani?"

"Ile miche ya kawaida. Acha masihara bwana."

"Si masihara. Niliing'oa."

Moriwaki alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema polepole. "Ua hili halizai, shemeji. Uzuri wote huu, halitoi mbegu hata moja. Mbegu tunazipata kwa ndugu zake wale waliokaa kawaida, ndiyo maana tunawaita wazazi. Hili limejificha ndani yao."

"Na za akiba?"

"Kimbunga cha mwaka jana kilizilowesha. Alibakiwa na bahasha moja, ndiyo aliyosia."

"Kwako je? Hata moja?"

"Mimi? Rafiki yake wa miaka thelathini, sijawahi kupewa hata punje. Sharti ni sharti." Kisha akashusha sauti. "Usimwambie. Ndiyo kwanza ameanza mazoezi ya kutembea. Anachotaka ni kusia mwakani."

Hisae akapeleka ua moja hospitalini, limefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Tokuzo alilitazama, machozi yakamtoka bila kujificha. Halafu akauliza, neno moja moja, "Na… wazazi?"

"Wapo, Baba. Nyuma ya bafu, kama kawaida."

"Kesho… lete mmoja. Niuone."

Hisae aliahidi, akaondoka. Jioni akaenda kwa muuza maua wa karibu na stesheni, akachagua mche wa kawaida wenye maua ya buluu ileile, na asubuhi akauweka kando ya kitanda. Tokuzo alilishika jani moja kwa mkono wake mzima, akalipapasa, akalishikilia kwa muda mrefu.

"Wenyewe," alisema. "Vizuri, Mama."

Hisae alirudi nyumbani karibu kuimba. Mche ule akauweka nyuma ya bafu kabisa, kana kwamba umezaliwa pale. Siku ya pili Moriwaki akauona.

"Huu ndio uliompelekea?" aliuliza. "Shemeji, huu majani yake ni ya kijani. Ukoo wa Tokuzo wote ni wa majani ya manjano, hata miche ya kawaida. Hilo angelijua amefumba macho."

Hisae, ambaye alikuwa ametazama mikunjo tu, si rangi, hakungoja basi la kwenda hospitali. Alikwenda kwa miguu, jua likimchoma kisogo, aibu ikimchoma zaidi. Alimkuta Tokuzo kwenye chumba cha mazoezi, ameshikilia bomba la chuma, jasho linamtiririka, mguu wa kulia ukiburuzwa.

"Baba," alisema, "niliing'oa. Yote. Nikaitupa ichomwe. Ule nilioleta niliununua."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu… mlangoni."

"Sasa mbona hukusema? Mbona hukunifokea?" Alikuwa analia, na muuguzi aliyesimama pale akageuza uso.

Tokuzo alitulia kwanza avute pumzi. Sentensi ndefu kama hii iliyofuata hakuwa ameitamka tangu aanguke, na kila neno lilimgharimu.

"Miaka arobaini… umebeba maji. Sikukuambia… ni ya nini."

Kisha akaliachia bomba, akaunyoosha mkono ule mzima. Hisae akaushika. Wakaanza kutembea kuelekea dirishani, hatua moja, nyingine, na kwa ajili ya mwakani hapakuwa na kitu cha kusia.