Rangi ya Karatasi

Kikaratasi cha kupimia kilichofunika mdomo wa chupa ya maji kilikuwa cheupe Mbodze alipoanza kuhesabu dakika. Kufikia ya kumi kilikuwa cha manjano. Kufikia ya ishirini kilikuwa cha kahawia. Alirudia. Akarudia tena. Maji ya kisima kipya cha kijijini kwao yalikuwa na aseniki, sumu isiyo na ladha wala harufu, inayommaliza mtu polepole mpaka asijue kimemuua nini.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona rangi ya jaribio kwa macho yake. Miaka mitatu chuoni, kemia isokaboni ilikuwa somo la ubaoni: kemikali zimeisha, mizani ni mbovu, basi mhadhiri huandika rangi na wanafunzi mia moja na arobaini hunakili kana kwamba wameziona. Mbodze alizikariri zote, akapata A. Wiki ya kwanza ya atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya chuo, katika ofisi ya mradi wa maji mjini Garsen, alimsimulia meneja wake, Bwana Dzombo, habari hiyo wakacheka pamoja. Mdomo uliponza kichwa.

Sasa Dzombo alikitazama kile kikaratasi bila kukigusa.

"Andika nyeupe."

"Mzee, si nyeupe."

"Naona. Alhamisi mheshimiwa anakuja kufungua bomba. Watu wa kwenu wanachota mtoni, na mamba nao wanangoja. Mke wa Kazungu alirudi? Sasa unataka niwaambie warudi huko huko?"

"Tuchimbe kwingine."

"Kwa hela gani, binti? Ile ishaliwa."

Hakushusha hata sauti. Alivuta daftari la atachimenti la Mbodze, lililokuwa likingoja sahihi na muhuri. Bila hivyo viwili hakuna kuhitimu, na mwaka wa kurudia haukuwa na wa kuulipia. Mpunga wote wa mama ulikwenda na mafuriko.

"Kwani chuoni uliziona hizo rangi? Si uliandika tu, wakakupa A?"

Alimchukia kwa kusema kweli. Akaandika: nyeupe. Muhuri ukagongwa papo hapo.

Alhamisi mheshimiwa alifungua bomba, akapigiwa makofi, akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo, akaondoka. Wanawake walibaki na madumu yao. Walizoea maji yenye tope. Haya yasiyo na rangi waliyatilia shaka. Hapo Kavumbi, mama yake Mbodze, akajitokeza na kikombe.

"Mnaogopa nini? Haya yamepimwa na mwanangu. Si mtu wa Nairobi. Ni huyu hapa, nimemzaa mimi."

Akanywa kikombe kizima, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso. Mbodze alitaka kupiga kelele, akaishia kuukumbatia mkoba wake. Ndani yake mlikuwa na daftari lililogongwa muhuri, na alijiona mchafu kuliko mto wenyewe.

Mama alijaza kikombe tena, akamletea kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

"Haya, mama. Waoneshe."

Maji yalikuwa maangavu, hayana hata chembe. Wanawake walikuwa wameshapanga foleni, madumu mikononi, wote wakimtazama Mbodze, wakingoja anywe.