Mabingwa Wanapita Ngazini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekuwa nahodha wa klabu ya mpira ya kisiwa kimoja huko Ulaya, kisiwa cha baridi chenye kondoo wengi kuliko watu. Sikushangaa. Wenzangu nao hawakushangaa. Walinifunga kitambaa cha unahodha mkononi kana kwamba nilizaliwa nacho, mimi Sekela, mama mwenye banda la kuonyeshea mpira hapa Tukuyu.

Labda ni kwa sababu nililala na hasira. Jioni, tukipanga mabenchi, nilibishana na mume wangu, Ambakisye. Yeye alisema timu iliyoshika nafasi ya nne kwenye ligi kubwa inastahili kabisa kuingia moja kwa moja kwenye mashindano ya mabingwa wa Ulaya, maana hao mabingwa wa vinchi vidogo ingewafunga hata ikicheza na kandambili. Mimi nikasema bingwa ni bingwa. Akasema, "Wewe mpira huujui, unajua kukata tiketi tu." Hayo ndiyo tuliyoambiana kabla ya kulala. Na kusema kweli, siku hizi hatuambiani mengi zaidi ya hayo.

Basi, ndotoni tumechukua ubingwa wa kisiwa kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe. Kipa wetu anaitwa Hallur. Kazi yake ni kuwanyoa kondoo manyoya. Ana ndevu nyeupe, na anaongea Kiswahili cha watu wa Uyole, pale Mbeya.

"Nahodha," ananiambia, "mimi nina ombi moja. Magoti yangu yamekwisha, huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Nataka nisimame kwenye nyasi wakati wanapiga ule wimbo wa mashindano. Nikishausikia nimesimama, nitarudi kwa kondoo wangu na sitasumbua mtu."

"Utausikia," nikamwambia.

Sijui kwa nini niliahidi. Ukivaa kile kitambaa mdomo unaahidi wenyewe.

Tulifika kwenye mlango wa mashindano ya mabingwa asubuhi, kombe letu nimelibeba kifuani. Mlango ulikuwa unalindwa na mizani, ile ya ndoano inayopimia majani mabichi ya chai. Ilikuwa na sauti ya mama karani aliyekaa dirishani tangu alfajiri bila kunywa chai.

"Ning'inia," ikasema.

Nikashika ndoano nikaning'inia, mimi na kombe. Mshale haukusogea hata kidogo.

"Mbona hausogei?" nikauliza. "Mimi nina kilo zangu za kutosha."

"Sikupimi wewe. Nawapima waliokutangulia. Timu zote za nchi yenu, misimu iliyopita. Kuna msimu walifungwa saba, mvua inanyesha."

"Mimi sikuwepo."

"Najua, mama. Hakuna ninayempima ambaye alikuwepo."

"Na huu ubingwa wetu wa mwaka huu?"

"Huo watapimiwa watakaokuja baada yenu. Hongereni sana."

Ilisema hongereni kwa namna ambayo nilijua imeshawaambia wengi kabla yangu. Nikashuka kwenye ndoano.

Wakati huo huo akaja kijana mmoja mrefu, jezi yake imepigwa pasi, harufu yake nzuri. Alikuwa nahodha wa timu iliyoshika nafasi ya nne kwenye ligi kubwa. Hakuning'inia popote. Ukuta ulifunguka wenyewe mbele yake, na kwa ndani niliona zulia, makochi na sahani ya matunda yaliyokatwa.

"Samahani," akaiuliza mizani, "ni hapa?"

"Ni hapo baba, pita."

Alituona tumesimama na kombe letu, akaona aibu. "Nyinyi mlishika nafasi ya ngapi?"

"Ya kwanza," nikamjibu. "Wewe?"

"Ya nne. Mechi ya mwisho tulifungwa. Nikaenda nyumbani kulala, wakaja kuniamsha wakaniambia tumefuzu." Akatazama ile sahani ya matunda. "Niwaletee tikiti maji?"

"Hapana, asante," akasema Hallur.

Ukuta ukajifunga. Nikaigeukia mizani.

"Na sisi tunapita wapi?"

"Njia ya mabingwa ni ile."

Nikageuka, na tulikuwa ndani ya banda langu Tukuyu. Katikati ya mabenchi, pale ambapo huwa naweka televisheni, palikuwa na ngazi za saruji zinazopanda hadi kupita bati na kuingia mawinguni.

"Hivi hii ni haki?" nikauliza.

"Tuliwatengenezea njia yenu peke yenu ili msikutane na wakubwa mapema," mizani ikasema, na safari hii sauti yake ilikuwa imechoka hasa. "Zamani mlikuwa mnatolewa wote, hamfiki hata wawili. Tukakaa vikao. Tukadhani mtashukuru."

"Nimeuliza kama ni haki."

"Haki ni dirisha la pili, mama. Lile lililofungwa."

Tukaanza kupanda.

Kila ngazi kubwa ina mechi yake, na kila mechi ina ushuru wake. Ngazi ya kwanza inachukua likizo yetu. Ni Julai, nyasi bado mbichi, na wale wa nafasi ya nne tunawaona kwa chini wamelala ufukweni, mgongo juu. Tunacheza na mabingwa wa nchi ya milimani. Nao wamebeba kombe lao, nao waliandamana mitaani kwao wakipiga honi. Tunawafunga bao moja. Wanakaa kwenye ngazi wanavua soksi. Nahodha wao ananishika mkono ananiambia, "Pole kwa safari." Nilitamani angenitukana.

Ngazi ya pili inamchukua mshambuliaji wetu. Anafunga mabao mawili, na kabla hajamaliza kushangilia mkono mkubwa unashuka kutoka mawinguni, mkono wenye saa nzuri, unamshika kwenye ukosi wa jezi na kumpandisha juu.

"Nitawatazama kwenye televisheni!" anapiga kelele, miguu ikiwa hewani.

"Umesahau koti," Hallur anamwambia. Anamrushia. Koti halifiki.

Baada ya hapo tunapanda bila mshambuliaji. Si jambo geni, ananiambia Hallur. Kisiwani kwao ikifika wakati kama huo watu huanza kuangalia juu.

Kwenye kona moja ya ngazi tulimkuta Goli la Ugenini amekaa juu ya sanduku lake. Alikuwa na umbo la wavu uliovimba, ila wavu wenyewe haukuwepo, ni ule uvimbe tu.

"Shikamooni," akatuamkia, ingawa ni wazi alikuwa mkubwa kuliko sisi sote.

"Marahaba," nikaitikia kwa kuduwaa. "Unafanya nini hapa, mzee?"

"Nilikuwa na uzito wangu zamani. Timu zikilingana, mimi niliyefungwa ugenini ndiye niliyekuwa naamua. Watu wa visiwani walikuwa wananipenda sana. Siku moja wakaniambia sasa nitahesabiwa kama wengine. Hata soda hawakuninunulia." Akatutazama. "Naweza kufuatana nanyi? Sitasaidia chochote."

Akafuatana nasi, na kwa kweli hakusaidia chochote, ila alikuwa na mazungumzo mazuri.

Ngazi ya tatu ilichukua goti la Hallur. Aliruka kuokoa mpira wa kichwa, akauokoa, na alipoanguka goti la kulia likatoka likadundadunda ngazi kwa ngazi kwenda chini, hadi tukaacha kulisikia. Hallur akakaa chini. Hakulia. Alipapasa mahali lilipokuwa, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Tukurudishe nyumbani?" nikamuuliza.

"Wimbo unapigiwa wapi?"

"Juu."

"Basi nipe bega."

Nikampa bega. Alikuwa mzito, ananuka kondoo, na mimi nilichoka mchoko ambao sijawahi kuchoka hata siku za fainali, banda likijaa hadi watu wanakaa juu ya madirisha. Nilianza kumkasirikia. Nilimkasirikia kwa ndevu zake, kwa ombi lake dogo. Halafu nikaikasirikia ahadi yangu. Lakini mguu wangu uliendelea kupanda.

Ngazi ya mwisho ilikuwa uwanja. Nyasi zake zilikuwa majani ya chai yaliyokatwa sawasawa, na ukungu wa mlima Rungwe umekaa pande zote. Wapinzani wetu walikuwa wamejipanga tayari, wamechakaa kama sisi, mmoja hana kiatu. Nahodha wao alikuwa kipa, amebeba kombe linalofanana na letu.

Alikuwa Ambakisye.

"Baba Ipyana," nikamwita kwa jina la mtoto wetu. "Na wewe?"

"Mama Ipyana," akasema. Alikuwa amekonda. "Tumetoka huko chini tangu Julai. Wametuchukulia washambuliaji wawili na kocha. Juzi tulicheza mahali hapana hewa."

"Nyinyi ni mabingwa wa wapi?"

"Hata sijui. Kanchi kadogo. Lakini watu wake, Mama Ipyana! Tulipochukua ubingwa bibi mmoja alinipikia ndizi, na kule ndizi hazioti." Akatazama chini. "Nilipopimwa mshale haukusogea."

"Wangu pia."

Tulitazamana. Ningeweza kumkumbusha habari ya kandambili. Sikumkumbusha. Alikuwa na tope hadi masikioni.

"Anapita mmoja," akasema.

"Ndiyo."

"Tucheze basi. Usinionee huruma."

Tukacheza. Kwao moja moja, kwetu moja moja. Goli la Ugenini alisimama pembeni akasema, "Hata zamani hapa nisingeamua kitu," kisha akakaa tena. Refa akaamuru penalti. Nilimtazama Hallur akisimama golini kwa mguu mmoja, ameshika mlingoti. Wapinzani wakapiga, wakakosa, wakapiga, wakapata. Sisi vilevile. Mwisho ikabaki yangu.

Golini alikuwa mume wangu. Nimeishi naye miaka mingi. Najua kuwa akiogopa anakunja kidole gumba ndani ya ngumi. Alikuwa amekikunja. Nilijua pia kwamba anajua mimi hupiga kila kitu kwa upande wa kulia: mlango, mbu, meza nikikasirika. Nikapiga kushoto.

Aliruka kulia. Mpira ukaingia taratibu, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

Wenzangu walinirukia. Mimi nilitaka kwenda alikolala mume wangu, lakini ngazi zilishaanza kuwachukua watu wake kuwarudisha chini, mmoja mmoja, kama maji yanavyochukua takataka. Ambakisye aliinuka akiwa ameshika nyonga, akaokota kombe lake.

"Baba Ipyana, pole."

"Ulipiga vizuri," akasema. Akafika ngazi ya kwanza ya kushuka, akageuka. "Ungepiga kulia ningeupata."

"Najua."

"Bingwa ni bingwa," akasema. Hakusema kwa kejeli. Aliposhuka nilimsikia kwa muda mrefu akihesabu ngazi kwa Kinyakyusa, akikosea anaanza upya.

Ukuta ulifunguka mbele yetu. Ndani kulikuwa na vyungu vinne motoni. Cha kwanza kilikuwa na nyama, cha pili kuku, cha tatu maharage. Cha nne kilikuwa na maji ya uvuguvugu, ndicho chetu.

"Ingieni," akasema mpishi, ambaye alikuwa mwavuli. "Mkitoka humo mtapangiwa wapinzani."

"Na wale wa nyama wanapangiwa nani?"

"Nyinyi," mwavuli ukajibu.

Yule kijana wa nafasi ya nne alikuwa amelala kwenye kochi. Alishtuka, akamwona Hallur na mguu wake usio na goti, akasimama akampisha. Hallur akatikisa kichwa.

"Sikuja kukaa," akasema.

Zulia likawa nyasi. Wimbo ukaanza, sijui wa wapi, sauti nyingi kubwa za watu wasioonekana. Tulijipanga. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, lakini nilimshika Hallur kiunoni upande mmoja, na yule kijana wa nafasi ya nne akaja bila kuitwa akamshika upande wa pili. Hallur aliondoa mikono yetu, wa kwanza, halafu wa pili. Akasimama. Alisimama hivyo kwa mguu mmoja, macho mbele, mpaka sauti ya mwisho ilipokwisha.

"Nahodha," akaniambia, "sasa watufunge tu."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Ambakisye alikuwa ameshatoka kitandani, jambo lisilo la kawaida. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda kwa upande mmoja, nyonga moja ameipa nafasi, ananywa chai ya jana iliyopoa. Nilimwuliza amelala vibaya au vipi. Akanywa funda jingine. Nikawasha jiko, nikabandika maji, nikakata mkate. Nilimwekea yeye kwanza.

Alishika kikombe kipya kwa mikono miwili, akakitazama.

"Yule kipa wenu mzee," akasema bila kuinua macho, "wimbo aliusikia?"

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Aliusikia wote," nikamwambia. "Amesimama."

"Ndaga," akasema Ambakisye, ambayo kwetu ni asante na pia ni pole, akasogeza mkate katikati tule wote.