Kasi ya Ukingoni

Vuuum… kisha kimya, kisha vuuum tena, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu, hiyo ndiyo sauti pekee iliyobaki gizani baada ya mvua kupungua juu ya bati, na Esnath anaisikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa, mashine ya kuchomea diski inavuta, inazungusha, inasita, inavuta tena, diski ya tatu hii, ya mwisho, boksi limebaki tupu mezani likiwa limeandikwa 16X kwa wekundu mkubwa kama tangazo la soda, kumi na sita, na kwenye kioo cha kompyuta panasomeka mbili na nusu, sasa tatu, sasa mbili na nusu… "Mzee anauliza, bado?" ni Doreen, mlangoni, kijiko cha kukaangia mkononi, Doreen wa Bukoba aliyeletwa Tukuyu na ualimu wa mumewe, anayekaanga mihogo kibarazani pa duka, na mzee mwenyewe yuko nyuma yake, hatua chache tu, kwenye benchi, ameupa mlango mgongo, koti la mvua limekunjwa mapajani, na swali lake Esnath amelisikia lilipotoka kinywani, neno kwa neno, lakini ndivyo ilivyo, baba mkwe hasemi na mke wa mwanawe, wala hawatazamani, kule Nkunga mama alimfundisha angali msichana, ukimwona baba mkwe njiani ingia kwenye migomba mpaka apite, na Esnath ameingia kwenye migomba miaka yote ya ndoa yake, hata hapa Bulyaga pasipo na migomba ya kutosha kumficha mtu, "Mwambie bado kidogo," anasema, na Doreen anageuza shingo, "Anasema bado kidogo, ingawa umesikia mwenyewe mzee, mimi leo nimekuwa mnara wa simu na vocha hamniwekei," mzee anakohoa, pengine anacheka, "Mwambie ndaga, ila gali la Masukulu halilali hapa," "Anasema asante, ila gari la Masukulu…" "Nimesikia, Doreen."

Nimesikia, nimesikia, tangu mazishi ya mumewe anasikia kila kitu na hakuna kinachofika, maneno yanakuja mpaka kifuani, yanakuta pamefungwa, yanageuka na kurudi yalikotoka, pole mama Lusungu, utazoea, matanga yakiisha utaona nafuu, mvua hizi zikikatika utaona nafuu, na mvua za Tukuyu zilikatika lini, anaosha vyombo, anamvalisha Lusungu sare, anafungua duka, anatoa kopi za vyeti vya watu, mikono inajua kazi na haimuulizi yeye kitu, hata ile picha iliyo sasa kwenye kioo, jeneza likitelemshwa kati ya migomba ya Masukulu, wanawake wameshikana viuno, miguu ya watu wanaocheza ngoma ya kilio, aliikata na kuiunga picha hiyo yeye mwenyewe mchana huu, akapunguza sauti pale mchungaji aliposhika kipaza, akaongeza pale kwaya ilipoanza, kama vile ni msiba wa mteja, kama vile yule mwanamke wa kitenge cha buluu aliyekalishwa kwenye mkeka si yeye… tatu, inasema tatu, ikiteremka tena ndiyo basi, ikiteremka mpaka sifuri trei itajitoa yenyewe kama ulimi, kama ilivyofanya kwa ile ya kwanza na ile ya pili, na mumewe, yeye aliyeiweka mashine hii mezani kwa mikono yake, angecheka, alikuwa akiwacheka wateja kwa upole, "Mbona boksi linasema kumi na sita, fundi, na wewe unaniweka hapa mpaka jua linazama?" na yeye anawavutia kigoda, "Boksi halidanganyi mzee wangu, linasema ukweli wa mwisho tu," halafu anaanza, hakuchoka kueleza, "Umewaona watoto wa shule wakigeuza mstari kwenye gwaride, wa ndani anapigapiga mguu palepale, wa nje anakimbia mpaka kofia inadondoka, na mstari ni uleule, basi diski inaandikwa kutoka katikati kwenda nje, pale katikati duara ni dogo, mashine hata izunguke vipi inaandika kidogo, inaongeza mwendo kadiri inavyotoka nje, hiyo kumi na sita yako inaipata ukingoni kabisa, dakika za mwisho, na diski nyingi hazijai mpaka ukingoni, zinaishia njiani," … zinaishia njiani, alisema hivyo, amekaa pale kwenye kile kiti, anakula mhogo wa Doreen, na pikipiki imeegeshwa nje, ile ile atakayoanguka nayo, na ukungu wa ile asubuhi bado haujashuka, na kamera ambayo ingerudishwa nyumbani ndani ya mkoba wake, nzima, haina hata mkwaruzo, inaning'inia msumarini… "Halafu kompyuta yangu hii bibi kizee, haiwahi kuilisha mashine, mwanga ule unaoandika mle ndani unabaki mikono mitupu unasubiri, na diski zenyewe za bei ya chee, mashine ikiigusa tu inajua hii haivumilii, inapunguza mwendo bila kutuuliza, ina akili kuliko sisi," kisha akimgeukia yeye, kwa sauti nyingine, sauti ya ndani ya nyumba, "Mpe nne, Esna, usimpe kumi na sita, utamharibia, choma kama unayekaanga karanga."

Choma kama unayekaanga karanga, alijua, anajua, hata Lusungu anajua, na leo diski ya kwanza aliichagulia kumi na sita, kidole kilishuka kwenye ile orodha ya kasi kikaipita nne, kikaipita nane, akajiambia mzee ana haraka, gari, mvua, giza, na diski ikafika karibu nusu ikafa, na Doreen akasema hizi diski za siku hizi ni vifuniko vya vyungu, na ya pili… ya pili pia kumi na sita, hakujiambia kitu, alibonyeza tu, akakunja mikono, akatazama namba zikipanda na kuporomoka, na ilipokufa kuna kitu kilishuka mabegani mwake, laini, kama mzigo wa kuni unapotuliwa, na alikuwa hajahisi kitu chochote tangu mazishi, chochote, na cha kwanza kuhisi kikawa hicho… kwa nini hicho… kwa sababu ya sahani, sema Esnath, kwa sababu ya sahani, mama mkwe alikuwa amelazwa na nyonga iliyovunjika siku wanazika, hakuona, na aliporudishwa nyumbani akasema yeye mtu ambaye hakumwona akifukiwa hamjui kuwa amekufa, na kila jioni anapakua mbalaga, ndizi za kupika, anafunika sahani moja kwa jani la mgomba, anaiweka karibu na mafiga isipoe, haigusi mtu sahani hiyo, wifi alikuja kulisema jambo hilo huku analia, tumtafutie hiyo video, aione, akubali, atulie, na kila mtu akasema ndiyo, na Esnath akasema ndiyo, lakini kila jioni akifunga duka hapa Bulyaga aliiona ile sahani, mvuke chini ya jani, kuna nyumba moja duniani anamosubiriwa kula, moja, na diski hii ikifika huko, ikaingia kwenye deki, mama akaona jeneza na migomba yake mwenyewe, atalifunua lile jani na chakula atakirudisha chunguni, na hapo atakuwa amekufa kila mahali. Ndiyo maana kumi na sita. Kumbe ni mimi niliyeziua.

Na hii ya tatu ameipa nne, hajui kwa nini, mzee alikohoa pale nje na kidole kikasimama kwenye nne, na sasa inakwenda, hilo ndilo tatizo, inakwenda vizuri, tatu, tatu na nusu, inatoka katikati taratibu, duara kwa duara, na kidole chake kiko kwenye kile kitufe kidogo cha kufungulia trei, kimetua tu, hakijabonyeza, "Jamani mafuta yangu," anasema Doreen mlangoni, "yanaungua huku mimi natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, sisi kwetu mkwe unampigia goti, unamuuliza habari za migomba, mambo yanaisha," na anakimbilia jiko lake upande wa pili wa kibaraza, na sasa hakuna mtu katikati, mlango uko wazi, kuna mgongo wa mzee, shingo yake imekonda, kola imekuwa pana, hilo hajawahi kuliona, maana hajawahi kutazama, na anatazama, mgongo unapanda na kushuka, pumzi za mtu aliyepanda mlima, na mashine vuuum… na mzee anasema, si kwake, anaiambia mvua, anauambia mtaro, "Mama anamwita usiku. Anamwita, halafu ananiuliza mimi, mbona haitiki. Mimi nafanya nimelala." Gari la Masukulu linapiga honi kule juu, mara moja, "Namfunikia sahani mimi siku hizi," anasema mzee, "nyonga haimwachi ainame. Asubuhi nawapa kuku kabla hajaamka, aone imeliwa," na kidole kwenye kitufe kimepata baridi, ni chuma, ni baridi, tangu lini anahisi baridi, kumbe sahani ile hailiwi na kuku tu, inamla mzee, usiku kwa usiku, na yeye Esnath amekuwa akiiongezea moto kutoka hapa, diski kwa diski, tatu na nusu, inasema, nne, inasema nne, kidole kinanyanyuka, hakijui kiende wapi, kinachukua kalamu ya wino mzito iliyo kando ya boksi, zile mbili zilizokufa hazikuandikwa kitu juu, na kwenye kompyuta ameliita jalada lote Kazi ya Masukulu, jina la mumewe hajalitamka, tangu mazishi ni marehemu, ni baba Lusungu, ni yeye, na mzee anasema, taratibu, mgongo uleule, "Hiyo santuli isije ikachanganyika na za watu. Ina jina?" na anangoja Doreen alibebe swali, na Doreen yuko kwenye mafuta yake, swali limebaki kwenye kizingiti, hakuna mtu wa kulichukua, na Esnath hajawahi, hata salamu, hata pole, hata siku ile ya mkeka hajawahi kutoa neno lake likaenda moja kwa moja kwa mtu huyu, migomba iko wapi, hakuna migomba, kuna mashine inayozunguka na mgongo unaosubiri, na koo lake linavuta, linasita, linavuta tena, polepole, kutoka katikati kabisa kuja nje…

"Nsajigwa," anasema.